Kolwezi yachimba shaba, nani anawafundisha wanaopika, kutandika na kutunza nyasi?

Tangu Februari 22, 2025, serikali ya Kinshasa iliposimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, mazungumzo ya ajira katika jimbo la Lualaba yamekuwa ya tani na mgao. Marufuku ya miezi minne iliongezwa mwezi Juni, kisha Oktoba ukaja mgao: tani 18,125 kwa kipindi kilichobaki cha 2025, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Bei ya kobalti ikapanda London na Shanghai. Mjini Kolwezi, watu wakaanza kuuliza ni zamu ipi ya wafanyakazi itakayopunguzwa kwanza.

Katika hesabu hizo kuna kundi ambalo halitajwi, ingawa ndilo linaloamka kabla ya wachimbaji wote. Ni wapishi wa kambi za migodi, wafuaji wa mashuka, wahudumu wa hoteli, watunza stoo za vyakula, wanaopokea wageni uwanja wa ndege na wanaotunza bustani za nyumba za mameneja. Migodi ya Lualaba ikipanuka, wanaongezeka. Ikisinyaa, huwa wa kwanza kurudi nyumbani, kwa sababu wengi wao si waajiriwa wa mgodi. Wameajiriwa na mkandarasi wa mkandarasi.

Swali la uchambuzi huu ni la kawaida kabisa: watu hao wanasomea wapi?

Kozi inayochekesha

Kuna nchi ambako kijana akimaliza sekondari anaweza kwenda chuo cha jamii kilicho karibu na kwao, akasoma miaka miwili na kutoka na cheti cha usimamizi wa gofu na huduma za hoteli. Ukilisema hilo kwenye kituo cha teksi cha Kolwezi, watu watacheka, na wana haki ya kucheka. Gofu ni mchezo wa mabosi, na mji wenyewe una mitaa isiyo na maji ya bomba.

Ila ukifungua mtaala wa kozi kama hiyo, kucheka kunapungua. Kupiga mpira ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni uhasibu wa duka, ununuzi na utunzaji wa bidhaa, usafi wa jiko, kupanga zamu za wafanyakazi, kuandaa hafla ya watu 200 bila chakula kuchelewa, kumpokea mgeni mwenye hasira, kutunza mashine, na kuelewa udongo, maji na nyasi. Ni ufundi wa kuendesha mahali ambapo watu wanakula, wanalala na kupumzika. Kambi ya mgodi ni mahali pa namna hiyo hiyo, tofauti ni kwamba mgeni wa kambi amevaa buti na kofia ngumu.

Marekani ilianza kulichukulia jambo hili kama taaluma ya darasani mwaka 1975, Chuo Kikuu cha Ferris State huko Michigan kilipoanzisha shahada yake ya usimamizi wa gofu. Mwaka huo huo, Nairobi ilifungua Chuo cha Utalii cha Kenya kwa msaada wa Uswisi. Kenya haikuanza na gofu, ingawa viwanja ilikuwa navyo tangu enzi za wakoloni: Royal Nairobi ni cha 1906 na Muthaiga ni cha 1913. Ilianza na jiko, chumba na mapokezi. Nusu karne baadaye, Wakenya waliopita chuo hicho wako kwenye hoteli kuanzia Mombasa mpaka Dubai.

Na Kongo? Mwaka 1975 Kongo, ikiitwa Zaire, haikuona haja ya chuo cha namna hiyo huku kusini. Ilikuwa na Gécamines.

Baba na mama

Ili kuielewa Kolwezi lazima kuelewa kwamba mji huu ulizaliwa kama kambi. Union Minière du Haut-Katanga iliuanzisha mwaka 1937 kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Kampuni ilijenga nyumba, hospitali, shule, viwanja vya michezo na vilabu vya wazungu. Baada ya kutaifishwa mwaka 1967, Gécamines ilirithi yote hayo pamoja na desturi ya kumlea mfanyakazi tangu kuzaliwa kwa mtoto wake mpaka mazishi. Watu wa Katanga walisema kampuni ni baba na mama. Katika Kiswahili cha huku, neno "kazi" lenyewe lilibeba maana ya ajira ya kampuni. Aliyeuza sokoni au kulima alikuwa "anajitafutia", hata kama aliingiza pesa nyingi zaidi.

Katika mfumo huo, mpishi wa nyumba ya wageni ya kampuni alijifunza kwa mpishi mwenzake, naye alijifunza kwa bibi wa Kibelgiji aliyemwita "boy". Ujuzi ulikuwepo, tena wa hali ya juu. Cheti hakikuwepo. Na kwa kuwa kampuni ilitarajiwa kuishi milele, hakuna aliyekihitaji.

Mji ulishapata onyo mapema. Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliuteka, na wanajeshi wa Ufaransa wakaruka kwa miavuli. Hoteli Impala, mahali pa kulala wageni na kunywa bia, ikaingia kwenye vitabu vya kijeshi kama shabaha ya kukombolewa. Wataalamu wengi wa kigeni waliondoka. Hata hivyo uzalishaji uliendelea, ukafika kilele cha tani zipatazo 476,000 za shaba mwaka 1986. Kisha mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, siasa zikachafuka, na miaka michache baadaye Gécamines ilikuwa haifikishi hata sehemu ya kumi ya kile ilichokuwa ikitoa.

Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika mpango uliopewa jina la "kuondoka kwa hiari". Walipewa malipo ya mkupuo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikuwa tayari ameandika kitabu kuhusu wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Wapo waliofungua nganda, wapo waliofungua duka la kuuza mikate, na wengi waliishia kutuma watoto wao mashimoni kutafuta madini kwa mikono.

Hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kujua kwa nini suala la chuo cha hoteli Kolwezi ni zito kuliko linavyosikika. Mtoto wa mpishi wa Gécamines hakurithi kazi ya baba yake wala karatasi ya kuthibitisha kwamba baba alikuwa fundi.

Wageni wamerudi, jiko limehama

Leo migodi iko mingi kuliko wakati wowote. KCC na Mutanda ni za Glencore. Tenke Fungurume na Kisanfu ni za CMOC ya China. Kamoa-Kakula ni ya Ivanhoe na Zijin pamoja na serikali. Ipo COMMUS katikati ya mji, ipo Sicomines, ipo Metalkol. Kongo imekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa shaba duniani, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika ardhi yake, sehemu kubwa ikiwa ni Lualaba. Juu ya hayo, reli ya kwenda bandari ya Lobito nchini Angola imeanza tena kubeba mizigo kutoka Kolwezi, na kila treni inakuja na wahandisi, mawakala wa forodha, mabenki, wanadiplomasia na waandishi wa habari. Wote wanahitaji kitanda, chai ya asubuhi na mtu wa kuwaambia intaneti itarudi saa ngapi.

Hoteli zimeota kila upande wa mji. Migahawa ya Kichina iko pembeni ya zile za Kilebanoni, na nyuma yake kuna mama anayeuza bukari na sombe kwa madereva wa malori. Lakini ajira kubwa haipo barabarani, iko ndani ya uzio. Kambi ya mgodi mkubwa hulisha maelfu ya watu mara tatu kwa siku, usiku na mchana. Vyakula vina vipimo: nyama ihifadhiwe kwa joto gani, mboga zioshwe vipi, nani ana mzio wa karanga, Mwislamu ale nini, mchimbaji wa Sichuan ale nini. Kosa moja jikoni linaweza kulaza zamu nzima, na mgodi unaosimama siku moja unapoteza pesa ambazo mpishi hawezi kuzihesabu.

Kwa hiyo kampuni hazitanii na jambo hili. Hutoa kandarasi ya chakula na malazi kwa makampuni yanayoweza kuonyesha mifumo ya usalama wa chakula na wasimamizi wenye vyeti. Na wasimamizi wenye vyeti hutoka wapi? Hutoka nchi zenye vyuo. Afrika Kusini, Zambia, Kenya, India, Ufilipino. Kijana wa Manika au Dilala huingia chini: anaosha vyombo, anamenya viazi, anasukuma toroli la nguo chafu. Anaweza kukaa hapo miaka saba, akajua kila kitu, na bado akapita juu yake mtu aliyekuja jana na cheti.

Serikali iliona sehemu ya tatizo. Sheria ya Februari 2017 kuhusu kandarasi ndogo inataka kazi hizi zipewe kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongo na zinazoongozwa na Wakongo. Mamlaka ya kusimamia sheria hiyo, ARSP, imekuwa ikipita migodini na kutishia kufuta mikataba. Ni hatua muhimu, na imewatajirisha Wakongo kadhaa. Kasoro yake ni kwamba sheria inatazama nani anamiliki hisa. Haitazami nani anashika kisu jikoni, wala nani anakaa ofisini kupanga menyu ya mwezi. Kampuni inaweza kuwa ya Mkongo kwenye makaratasi, ikawa na mkongo mwingine mia mbili wakiosha vyombo, na katikati pasiwe na mtu wa hapa hata mmoja. Pengo la katikati halizibwi na hisa, linazibwa na shule.

Pesa zipo wapi

Hoja ya kawaida ni kwamba serikali haina fedha. Kwa Lualaba hoja hiyo ni ngumu kuimeza.

Kongo ina taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, INPP, tangu 1964. Waajiri wote wanapaswa kuichangia kwa kiwango cha kati ya asilimia 1 na 3 ya mishahara wanayolipa. Sasa angalia mpangilio wake: kadiri mwajiri anavyokuwa na wafanyakazi wengi, ndivyo asilimia inavyoshuka. Mwenye hoteli ndogo ya Kolwezi yuko kwenye kiwango cha juu. Mgodi mkubwa uko kwenye kiwango cha chini. Mantiki ya zamani ilikuwa kwamba kampuni kubwa inafundisha watu wake yenyewe. Ilikuwa kweli wakati wa Gécamines. Leo kampuni kubwa inafundisha madereva wa malori makubwa na mafundi umeme, kisha jiko inampa mkandarasi, na mkandarasi hafundishi kwa sababu mkataba wake ni wa miaka miwili au mitatu.

Kenya ilichagua njia nyingine. Tangu miaka ya 1970 hoteli na migahawa hutozwa asilimia 2 ya mauzo, na fedha hiyo ndiyo iliyobeba Chuo cha Utalii. Mgeni anayelala Diani anamlipia ada mwanafunzi wa Nairobi bila kujua. Wenye hoteli wamelalamika miaka yote, na sehemu ya malalamiko yao ni ya haki, maana fedha za kodi maalumu zina tabia ya kupotea njiani. Mfano upo Kilifi: chuo kipya cha utalii kilichopewa jina la Ronald Ngala kilianza kujengwa Vipingo muongo uliopita, gharama zikapanda na kazi ikakwama mara kadhaa, huku uwanja wa gofu wa Vipingo Ridge, mali ya wawekezaji binafsi, ukiwa tayari unapokea wageni.

Tuje kwenye madini. Sheria ya Machi 2018 inaitaka kila kampuni ya uchimbaji kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Asilimia 0.3 inasikika kama makombo. Lakini mgodi ukiuza shaba na kobalti ya dola bilioni moja, makombo hayo ni dola milioni tatu kila mwaka. Lualaba ina migodi kadhaa inayofikia au kupita kiwango hicho. Mbali na hapo kuna mrabaha, ambao asilimia 25 inakwenda jimboni na asilimia 15 kwa tawala za sekta na manispaa zilizo na mgodi.

Fedha hizo hujenga nini? Kwa kawaida madarasa, vituo vya afya, visima, barabara za vumbi na taa za jua. Hakuna wa kubeza kisima. Hata hivyo jengo lina faida ya kisiasa ambayo mtaala hauna: linakatwa utepe. Walimu watatu wa mapishi, jiko la kufundishia lenye gesi isiyokatika, na fedha ya kununua nyama ya kufanyia mazoezi kila wiki ni gharama zinazorudi mwaka hadi mwaka, na hakuna gavana aliyewahi kupigwa picha akizindua kilo 50 za nyama.

Inafaa kuwa wakweli pia kuhusu upande wa wanafunzi. Elimu ya msingi ni bure tangu 2019. Sekondari si bure. Masomo ya hoteli na mapishi yamo katika orodha ya sekondari za ufundi nchini, ila mzazi wa Kolwezi mwenye ada ya mtoto mmoja atamsomesha madini, sheria au udaktari. "Nimekusomesha uende kutandika vitanda?" ni swali ambalo vijana wengi wamelisikia nyumbani. Na kwa msichana kuna la ziada: hoteli za mji wa migodi zina sifa mbaya, na mzazi anayemkataza binti yake kufanya kazi huko usiku hajaota tu. Chuo kitakachofundisha mapokezi bila kumfundisha msichana haki zake, na bila kumbana mwajiri kuhusu usafiri wa usiku na mteja mlevi, kitakuwa kinamwandaa kwa balaa.

Je, gofu yenyewe?

Turudi kwenye nyasi. Katanga haikosi historia ya gofu. Lubumbashi ina uwanja wa zama za ukoloni, na mtaa mzima unaitwa Golf. Hoteli kubwa ya jiji, Grand Karavia, iko kwenye barabara ya Golf, kando ya ziwa, na kwa miaka mingi mkutano wa kila mwaka wa madini umefanyika kwenye viwanja vyake. Mikataba ya Lualaba imekuwa ikizungumzwa mita chache kutoka kwenye mashimo hayo. Ng'ambo ya mpaka, karibu kila mji wa shaba wa Zambia una klabu yake: Nkana pale Kitwe, Nchanga pale Chingola, na Ndola, ambayo vichuguu vyake vya mchwa katikati ya uwanja vinajulikana na wachezaji wa kulipwa. Ni mabaki ya mabosi wa Kiingereza, lakini Wazambia waliyachukua na kuyafanya yao. Mwana wa kedi, yaani mbeba mikoba ya wachezaji, alikuja kuwa kocha, msimamizi wa uwanja, hata bingwa.

Mfano wa Kenya unaonyesha pande zote mbili. Mumias, mji wa sukari magharibi mwa nchi, ulikuwa na uwanja wa gofu wa kampuni, na ndiko alikokulia kimchezo Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wa kulipwa waliodumu zaidi Kenya. Kampuni ya sukari ikazama kwenye madeni, na Septemba 2019 ikawekwa chini ya mfilisi. Uwanja unaotegemea kiwanda kimoja hauna pa kukimbilia kiwanda kikianguka. Mchezaji mwenye ujuzi anaweza kuhama, nyasi haziwezi.

Mfano wa pili unatoka mbali, Anaconda, jimbo la Montana nchini Marekani. Ulikuwa mji wa kuyeyusha shaba kwa karibu karne nzima, mpaka mwaka 1980 kampuni ilipofunga kinu na kuacha udongo wenye sumu. Katika kusafisha eneo hilo, waliamua kulifunika na kujenga uwanja wa gofu uliobuniwa na Jack Nicklaus. Ulifunguliwa mwaka 1997. Mashimo yake ya mchanga hayana mchanga mweupe. Yamejazwa mabaki meusi ya kinu cha shaba. Mtu anapiga mpira juu ya taka za viwanda zilizofungiwa chini.

Kinachonivutia katika habari ya Anaconda ni ufundi uliohitajika, zaidi ya gofu. Kuotesha nyasi juu ya ardhi iliyochoka, kupitisha maji bila kuamsha sumu, kuchagua mbegu zinazostahimili: huo ndio ufundi wa mtunza uwanja wa gofu, na ndio huo huo utakaohitajika Lualaba siku migodi itakapofungwa. Sheria za Kongo zinaitaka kila kampuni kurekebisha ardhi iliyoharibu. Mabwawa ya mabaki na vilima vya kifusi vinavyozunguka Kolwezi vitahitaji maelfu ya saa za kazi za watu wanaojua udongo. Kijana aliyesomea nyasi hatakosa kazi hata kama hatawahi kuona kombe la gofu.

Kujenga uwanja mpya Kolwezi leo ni jambo jingine, na sidhani linastahili kupewa nafasi. Mji hauna ardhi ya kuchezea. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH zilitoa ripoti kuhusu familia zilizoondolewa kwenye nyumba zao ili migodi ipanuke, zikiwemo za Cité Gécamines, katikati ya Kolwezi. Mashimo 18 yanahitaji hekta 50 au zaidi na maji mengi wakati wa kiangazi. Ukitangaza mradi huo mbele ya watu wanaoamka wakikuta ukuta wa nyumba umepasuka kwa baruti, utakuwa umewatukana. Mafunzo ya nyasi yanaweza kufanyika kwenye viwanja vya mpira, bustani za hospitali na vilima vya kifusi, na wanafunzi wa gofu wakapelekwa Lubumbashi au Kitwe kwa mazoezi ya miezi mitatu.

Somo la Zanzibar, na saa inayokwenda

Zanzibar ilifungua milango kwa watalii katikati ya miaka ya 1980. Hoteli zilikuja haraka, shule ikaja nyuma yake. Matokeo yake yamejadiliwa visiwani kwa miaka thelathini: meneja Mzungu, mapokezi Mkenya, jikoni mtu wa Bara, na kijana wa Nungwi au Paje akiwa mlinzi au muuza shanga ufukweni. Chuo cha utalii cha Maruhubi, ambacho baadaye kiliunganishwa na chuo kikuu cha SUZA, kimepunguza pengo hilo, lakini kilianza mbio wenzake wakiwa wameshafika kona ya pili. Na Zanzibar ina bahari, ambayo haiishi. Mgodi unaisha.

Hiyo ndiyo tofauti inayoibana Kolwezi. Aprili 2025 hakuna aliyekuwa na uhakika kobalti itauzwa lini. Mwezi uliofuata, mitetemo ya ardhi ilivuruga mgodi wa Kakula na maji yakaingia chini. Novemba, kivuko kwenye machimbo ya Kalando kilianguka na wachimbaji wadogo wasiopungua 32 wakafa, wakiwemo vijana ambao umri wao ungewatosha kukaa darasani. Kila tukio la namna hii linarudisha swali la kazi mbadala, na kila mara jibu ni kilimo. Kilimo ni jibu zuri, lakini mboga za mkulima wa Lualaba zinaingia kambini kupitia kwa mtu wa manunuzi jikoni. Mtu huyo akiwa hajui wakulima wa karibu, wala msimu wao, ataagiza nyanya Afrika Kusini. Mhitimu wa hapa anajua ni kijiji gani kina nyanya mwezi wa sita.

Mshahara nao umesogea. Mwaka 2025 serikali ilipandisha kima cha chini kutoka faranga 7,075 kwa siku hadi 14,500, na kuahidi 21,500 kuanzia Januari 2026. Mkandarasi wa chakula anayebanwa na kima hicho ana njia mbili: kupunguza watu, au kuwa na watu wachache wanaojua kazi nyingi. Njia ya pili inahitaji mtu aliyefundishwa. Mpishi anayejua kuhesabu gharama ya sahani moja, kuandika ripoti kwa Kifaransa, kusalimia kwa Kiingereza na Kichina na kuelewana na wasaidizi wake kwa Kiswahili, huyo hapunguzwi kirahisi, na mgodi ukifungwa anachukua basi la Lubumbashi, Ndola au Dar es Salaam na cheti chake mfukoni.

Hapa kuna dirisha ambalo wakazi wengi hawajalitazama. Majukumu ya kijamii ya kila mgodi huandikwa katika mkataba wa miaka mitano unaojadiliwa na wawakilishi wa vijiji na mitaa. Mikataba ya kwanza chini ya sheria ya 2018 ilitiwa saini mwanzoni mwa muongo huu, kwa hiyo mingi inafikia mwisho na lazima ijadiliwe upya katika kipindi hiki hiki cha mgao wa kobalti. Machifu, viongozi wa mitaa, vikundi vya akina mama na vijana wataitwa mezani kuulizwa wanataka nini. Kampuni zitakuja na orodha zao zikiwa zimeshachapwa: madarasa, visima, taa. Kipengele cha kulipia walimu, jiko la kufundishia na nafasi za mazoezi ndani ya kambi, kwa miaka mitano mfululizo, kitaingia tu ikiwa mtu wa Manika, Dilala au Fungurume atakuwa amekiandika kabla ya kuingia ukumbini.